Hana Hakupanda Mwaka Ule

Ujumbe wa Jumapili kabla ya Krismasi
Somo: 1 Samweli 1:19–28, 1 Samweli 2:18–20, Luka 2:21–40



Wapendwa, najua wengi mlitarajia leo tuanze na wachungaji wa kondoo na malaika. Tutafika huko. Lakini wiki hii yote nimeshikwa na kitabu cha Samweli, na kila nikijaribu kufungua Luka vidole vinarudi nyuma pale pale. Kwa hiyo fungua 1 Samweli mlango wa 1, mstari wa 21. Kama huna Biblia, chungulia kwa jirani. Simu pia ni sawa, mradi usianze kusoma meseji.

Hadithi ya Hana tunaijua. Kila tukiwa na wiki ya kufunga na kuomba, lazima Hana ahubiriwe. Mwanamke tasa, analia hekaluni, midomo inacheza bila sauti, kuhani Eli anadhani amelewa. Kisha Mungu anamkumbuka, Samweli anazaliwa, kanisa linapiga makofi, mhubiri anafunga kitabu. Lakini tukifunga kitabu hapo tunaruka mistari mitatu. Na mistari hiyo mitatu ndiyo inayozungumza na mtu yeyote humu ndani ambaye mwaka huu ana mtoto mchanga na sikukuu inabisha mlangoni.

Inasemaje? Inasema ile safari ya kila mwaka ya kwenda Shilo ilipofika, Elkana alipanda na nyumba yake yote kwenda kutoa dhabihu. Nyumba yake yote, isipokuwa mtu mmoja. Hana hakupanda. Alimwambia mumewe kwamba atakaa nyumbani mpaka mtoto aachishwe ziwa, halafu ndipo atampeleka mbele za Bwana akae huko siku zote.

Sasa nataka tukae hapo kidogo. Usikimbie.

Hiyo sikukuu ya Shilo ndiyo ilikuwa mahali pa aibu ya Hana. Soma mstari wa 3 mpaka wa 7. Mwaka baada ya mwaka, walipofika huko, Elkana aligawa nyama: fungu kwa Penina, mafungu kwa watoto wa Penina wote, wa kiume na wa kike, na Hana naye fungu lake. Watoto wanapita na mikono imejaa, yeye anashika sahani yake peke yake. Na Penina hakunyamaza. Biblia inasema alimchokoza makusudi, mpaka Hana analia na hali chakula. Kila mwaka! Mtu anaumizwa tarehe ile ile, mahali pale pale, na watu wale wale. Akina mama, mnajua ninachosema. Kuna mtu humu ndani Krismasi ya nyumbani kwa mumewe anaijua kama Shilo.

Mwaka huu sasa Mungu amejibu. Hana ana mtoto wa kiume. Kama kuna mtu aliyekuwa na sababu ya kupanda basi la kwanza, ni Hana! Ungekuwa wewe je? Ungemvalisha yule mtoto, ungemfunga leso mpya, ungeingia Shilo pole pole, unapitia mbele ya hema la Penina mara mbili, unajifanya umesahau kitu unarudi tena. (Kicheko.) Si ni kweli? Na hakuna ambaye angekulaumu. Hata wachungaji tungekuita utoe ushuhuda.

Hana alikaa nyumbani. Mwaka ambao angepanda kichwa juu, ndio mwaka aliosema, mtoto huyu bado ananyonya, mimi siendi.

Hakuwa anamkimbia Mungu. Nadhiri yake ilikuwa pale pale, na baadaye aliitimiza mpaka mwisho. Wala hakuvunja sheria. Torati, Kutoka 23:17, iliwataka wanaume wahudhurie mbele za Bwana mara tatu kwa mwaka. Mama anayenyonyesha hakulazimishwa. Hana aliitazama sikukuu, akamtazama mtoto, akaona ni kipi kitakachomngoja mwenzake. Sikukuu itarudi mwakani. Mtoto wa miezi mitatu hatarudi kuwa wa miezi mitatu tena.

Na mimi leo nahubiri neno ambalo kwanza limehubiriwa nyumbani kwangu. Wengi mnajua kwamba Septemba mwaka huu Bwana alitupa binti, mtoto wetu wa kwanza. Alikuja wiki 5 kabla ya siku zake. Wale mliokesha nasi kwa maombi mnajua zile siku za mashine ya joto, na zile siku za kumbeba kifuani, ngozi kwa ngozi, mchana mama na jioni mimi, maana mwili wa mzazi nao ni mashine ya joto ambayo Mungu alitengeneza mapema. Namshukuru Mungu, anaongezeka. Krismasi itamkuta na miezi mitatu na siku chache. Mkimwona amelala pale nyuma na nyanya wa kamati ya akina mama, msimwamshe.

Kwetu ni Busia. Ni zaidi ya kilomita 400 kutoka hapa Nairobi. Na kwetu, kama ilivyo kwenu, mtoto wa kwanza lazima aonekane nyumbani Krismasi. Simu zilianza Oktoba. Shangazi amepiga. Baba mdogo amepiga. Mbuzi ametajwa kwa rangi yake. Kikundi cha familia kwenye simu kimejaa maswali ya tunafika tarehe ngapi. Hayo yote mtu anaweza kuyabeba. Lililokuwa zito ni moja: baba yangu mzazi ni mgonjwa. Hajamwona mjukuu wake. Na hali yake si ya mtu wa kumwambia, tutaonana Krismasi nyingine.

Upande mwingine, muuguzi wetu wa kliniki alifungua kile kijitabu cha mama na mtoto akatuonyesha kwa kalamu. Chanjo ya wiki 14 inaangukia wiki hii hii. Uzito wake bado unafuatiliwa. Kule kwetu karibu na ziwa malaria ipo mwaka mzima, na mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake akishikwa na malaria au nimonia hana akiba ya nguvu ya kupigana. Akasema kwa upole, ninyi ndio wazazi, lakini kama ni wangu ningengoja.

Wapendwa, hapo hakuna mstari wa Biblia unaokuambia panda basi au usipande. Mtu asikudanganye. Tuliomba. Mke wangu na mimi tulikaa na jambo hilo usiku kadhaa, na usiku tunao mwingi siku hizi, hatulali. Tukakata shauri kwamba mama na mtoto hawasafiri. Mimi nikapanda gari peke yangu juma lililopita, nikakaa siku mbili na baba, nikarudi ili Krismasi nisiwe mbali na hawa wawili.

Nilibeba ile leso ambayo binti yetu hulalia. Haikuwa imefuliwa. Mama yake alisema isifuliwe. Baba aliishika, akaiweka kwenye mapaja, akaweka mikono juu yake kama anavyowekewa mtu mikono, akamwombea mtoto kwa jina lake, maombi marefu, kwa lugha ya kwetu, mpaka akachoka. Kisha akaniambia niiache. Nikaiacha. Ikiwa Bwana atampa siku, Pasaka tutampelekea mwenyewe, chanjo zikiwa zimekamilika na uzito umefika. Ikiwa Bwana ataamua vingine, sina la kusema hapa madhabahuni. Lakini mtoto hakutolewa nje ya wakati wake ili watu wazima tutulize mioyo yetu, na mzee mwenyewe ndiye aliyesema hivyo kabla sijasema mimi.

(Haleluya.)

Sasa, mtu asitoke hapa akasema mchungaji amekataza kusafiri Krismasi. Fungua Luka 2. Nilisema tutafika.

Yusufu na Mariamu walisafiri na mtoto mchanga. Siku ya 8 alitahiriwa akapewa jina Yesu. Halafu, kulingana na Mambo ya Walawi mlango wa 12, mama aliyezaa mtoto wa kiume alihesabu siku 7 na siku nyingine 33, jumla 40, ndipo akaenda kutoa sadaka ya utakaso. Bethlehemu mpaka Yerusalemu ni kama kilomita 9 hivi. Wale wa miguu mnaijua hiyo, ni kama kutoka katikati ya jiji mpaka mtaa fulani wa mbali kidogo. Wakaenda. Na kule hekaluni walikuwa wanangojewa na wazee wawili, Simeoni na Ana. Ana alikuwa mjane aliyeishi na mumewe miaka 7 tu, na sasa umri umekwenda, hatoki hekaluni usiku wala mchana. Simeoni alikuwa ameahidiwa na Roho kwamba hatakufa kabla ya kumwona Kristo wa Bwana. Akampokea mtoto mikononi, akamsifu Mungu, akasema sasa yuko tayari kwenda kwa amani.

Kwa hiyo kuna familia ya Hana, ambayo sikukuu ya kwanza ilibaki nyumbani, na kuna familia ya Mariamu, ambayo siku ya 40 ilikuwa njiani. Mungu alikuwa na zote mbili. Kama mtoto wako ana afya, chanjo zake ziko sawa, ana miezi 7 au 8, na kuna Simeoni mahali fulani huko Kitui, Bungoma, Nyeri, ambaye macho yake yanangoja kuona uso huo, mpeleke! Usimnyime mzee kwa sababu ya uvivu wa safari au kwa sababu umekosana na ndugu yako juu ya shamba. Nimezika wazee ambao wajukuu wao niliwaona kwa mara ya kwanza siku ya mazishi. Inaumiza.

Lakini ukimpeleka, mpeleke kama mzazi. Niseme mambo ya kawaida kabisa, maana hata Roho Mtakatifu hutumia muuguzi. Chukua kile kijitabu cha kliniki, kiweke kwenye mkoba wa mtoto, wala si ndani ya sanduku lililofungwa juu ya gari. Beba neti. Ukifika nyumbani na neti haipo kitandani, usione haya kutundika yako mbele ya wageni. Safiri mchana ukiweza. Nauli mnajua Desemba inavyopanda, na magari yanavyojazwa, na madereva wengine wamekesha siku tatu. Bora ufike tarehe 27 mzima.

Na sasa nataka kuzungumza na akina nyanya. Nyanya zangu, mama zangu, kwa heshima zote. Mmetulea, na mnajua mengi ambayo sisi hatujui. Lakini mtoto chini ya miezi 6 chakula chake ni maziwa ya mama peke yake. Si uji mwepesi. Si maji ya kuondoa kwikwi. Si kijiko cha supu ya mbuzi ati aonje Krismasi. Si soda kwenye kifuniko ndio tupige picha akikunja uso. (Kicheko.) Mnacheka kwa sababu mmefanya! Tumbo lake halijakomaa, na maji ya kisimani ambayo sisi tumeyazoea yanaweza kumpeleka hospitali siku ambayo daktari naye ameenda kwao. Na asali, hata kama ni ya mzinga wa babu mwenyewe, ingoje mpaka atimize mwaka. Kama una mafua, mbariki kwa mbali. Baraka ya nyanya inafika.

Na wewe binti uliyeolewa juzi, mama mkwe akileta uji, usimjibu vibaya. Mume ndiye anayepaswa kusimama hapo. Ni mama yake. Aseme yeye.

Hapo ndipo namtaka Elkana. Wanaume, mko wapi? (Amina.) Hiyo Amina ni ndogo.

Elkana si mtu tunayemhubiri sana. Ni yule aliyemwona mkewe analia akamuuliza kama yeye si bora kwake kuliko wana 10. Kaka, hapana. Hilo halikuwa jibu. Lakini mtoto alipozaliwa, Elkana amekua. Mkewe anamwambia mwaka huu siendi, na yeye ndiye kichwa cha nyumba, ndiye atakayeulizwa na ukoo mzima, Hana yuko wapi, mtoto yuko wapi, tumechinja kwa ajili ya nani. Angeweza kukataa. Hesabu mlango wa 30 ulimpa mume uwezo hata wa kutangua nadhiri ya mkewe. Alimwambia afanye anavyoona ni vyema, akae mpaka amwachishe ziwa, na Bwana alithibitishe neno lake. Kisha akaenda Shilo bila Hana kukabiliana na maswali. Hakumwachia Hana kazi ya kuelezea.

Nauliza wanaume waliopata watoto mwaka huu: nani anaeleza kwenu? Maana naona mambo. Mama amejifungua kwa upasuaji, hajamaliza miezi miwili, anafika nyumbani tarehe 24, na jioni hiyo hiyo yuko kwenye jiko la kuni anasukuma chapati za watu 30, mtoto mgongoni, moshi machoni, na mume yuko chini ya mwembe na ndugu zake wanazungumzia siasa. Ukimuuliza anasema ni desturi. Desturi ya nani? Yusufu aliamshwa usiku na malaika, akachukua mtoto na mama yake usiku huo huo wakaenda Misri. Mathayo 2:14. Hakusema aulize ukoo. Hakungoja asubuhi. Mwanamume wa kwanza wa Krismasi kazi yake ilikuwa kuamka usiku. Basi na wewe mtoto akilia saa tisa usiku, amka. Mbadilishe nepi. Hautapungukiwa na upako.

Na kuna jambo jingine ambalo makanisa yetu ya kiroho tumelishughulikia vibaya, niliseme wazi. Kuna mama ambaye mtoto ni mzima, mume ni mwema, watu wanaleta zawadi, na yeye analia kila siku. Halali hata mtoto akilala. Anasikia ni kama mtoto si wake, au anaogopa mawazo yanayomjia. Krismasi inafika, kila mtu anamwambia afurahi, anazidi kuzama. Ndugu zangu, tusikimbilie kusema ni pepo. Ni ugonjwa unaojulikana, unawapata akina mama baada ya kujifungua, na unatibika. Muuguzi wa kliniki ya watoto anaujua. Tutakuombea, ndiyo, na tutakusindikiza hospitali, siku hiyo hiyo. Mume, ukiona dalili hizo usingoje Januari.

Turudi kwa Hana, kuna jambo moja la mavazi.

Mlango wa 2, mstari wa 19. Samweli sasa yuko hekaluni, na Biblia inasema mama yake alimshonea kanzu ndogo, akamletea mwaka kwa mwaka alipopanda na mumewe kutoa dhabihu. Huo mstari huwa unanigusa sana. Anashona nguo ya mtoto ambaye hajamwona miezi 12. Anakadiria. Bega litakuwa limefika wapi? Mkono umerefuka kiasi gani? Kila mwaka kanzu kubwa kidogo kuliko ya jana. Hiyo ndiyo nguo ya sikukuu ninayoisoma katika Biblia. Ilikuwa inafanya kazi ya kumfunika mtoto baridi.

Sasa sisi tunanunua nini? Nimepita madukani. Kuna nguo nyekundu yenye manyoya meupe, na kofia, na buti, ya mtoto wa miezi mitatu. Na jua hili la Desemba! Mtoto anatoka jasho, analia, tunasema ana njaa. Kuna keki ya krimu ambayo mwenye sikukuu hana jino la kuila. Kuna mpiga picha analipwa kwa saa. Sikatai picha. Tumepiga zetu, nyanya yake amezitaka na ziko ukutani. Lakini nimekaa ofisini na wanandoa Januari, mikopo ya simu imepiga, kodi haijalipwa, mama maziwa yamepungua kwa mawazo, na ukifuatilia ile pesa unakuta ilienda kwa Krismasi ya kwanza ya mtoto. Mtoto mwenyewe alilala kutwa nzima.

Soma Luka 2:24 tena. Sadaka ya Mariamu na Yusufu ilikuwa jozi ya hua au makinda mawili ya njiwa. Kwa nini njiwa? Walawi 12:8 inatuambia: mama asiyeweza kupata mwana-kondoo alete ndege wawili. Yaani waliingia hekaluni na Mfalme wa wafalme mkononi, na kwenye mstari wa kutoa sadaka wakasimama upande wa maskini, mbele za watu. Yusufu hakukopa kondoo ili aonekane. Baba kijana, wewe ambaye kazi ilisimama Agosti, simama na njiwa zako mbili. Hakuna aliye juu yako hapo.

Kuna ndugu huniuliza kila Desemba kwa nini tunasherehekea tarehe 25 wakati haimo katika Biblia. Ni kweli Maandiko hayatupi tarehe. Sikukuu ya siku hiyo inaonekana katika kumbukumbu za Roma za karne ya 4. Mimi sigombani na tarehe. Nataka tu uone kwamba hata huyo Yesu mwenyewe, mwaka wake wa kwanza au wa pili, hatujui hasa, mamajusi walimkuta ndani ya nyumba, na muda mfupi baadaye wazazi wake walikuwa wakimbizi Misri wakimficha na upanga wa Herode. Huenda alipotimiza mwaka hapakuwa na jirani anayewajua. Kama Krismasi hii ninyi watatu mko chumba kimoja huko Pipeline au Kawangware, hamjaenda popote, hakuna aliyewatembelea, na taa imekatika, msione kama mmekosa kitu ambacho mtoto Yesu alikuwa nacho.

Na wewe uliyejifungua bila mume, uliyekimbiwa mimba ikiwa changa, usikae nyuma siku hiyo. Kanisa hili ni nyumbani kwa mtoto wako. Mzee wa kanisa fulani tayari amejitolea kusimama kama babu, na hatanii.

Kabla sijamaliza, nawaomba wale wenye watoto neno moja kwa ajili ya wale ambao bado wako kwenye sura ya kwanza ya Hana. Wako hapa. Mwingine mikono yake ilikuwa na mtoto Machi na sasa haina. Watakuja Krismasi, watawashika watoto wenu, watacheka nanyi. Msiwaulize "bado?" Msiwatupie mtoto ati apate bahati. Hilo swali lilikuwa la Penina. Ukitaka kumpa mtoto amshike, muulize kwanza kama angependa, na akisema siwezi leo, mpe chai.

Sasa matangazo yanayohusu ujumbe huu, kisha tuombe. Kuweka wakfu watoto hatutafanya siku ya Krismasi mwaka huu. Tutafanya Jumapili ya pili ya Januari, ili waliosafiri wawe wamerudi na hakuna mzazi atakayejihisi amelazimishwa kumleta mtoto kwenye msongamano. Hakuna sare ya kununua. Sadaka ni hiari. Kwenye mkesha wa Krismasi, wenye watoto wachanga hawana deni la kukesha. Lala, Mungu halali. Siku ya Krismasi ibada itaanza saa nne asubuhi. Chumba cha kunyonyesha kiko nyuma, mlango wa kushoto wa jukwaa, kuna viti vya kuegemea na maji ya moto kwenye chupa. Nimezungumza na vijana wa mitambo, spika za upande huo zitazimwa kabisa, maana masikio ya mtoto ni madogo na sisi tunajua tunavyosifu. Baba anaruhusiwa kuingia kwenye kile chumba cha pembeni cha kubadilishia nepi. Nitakuwa huko mwenyewe.

Tusimame. Kama una mtoto mikononi, kaa, usimwamshe. Wengine nyoosheni mikono upande wao.

Baba yetu uliye mbinguni, tunakuletea hawa waliozaliwa mwaka huu. Wengine wamesafiri, wengine wamebaki, wengine wako kwenye mashine ya joto usiku huu. Wape mama zao usingizi. Wape baba zao ujasiri wa kusema na watu wao. Wale wazee wanaongoja huko mashambani, watunzie macho yao. Na wa kwetu, Bwana, unamjua kwa jina. Mpe Pasaka. Kwa jina la Yesu.

Amina.